Nilikaza Klachi, Nyumba ya Shemeji Ikakosa Paa

Nyumba ya shemeji yangu imekamilika. Ina paa la mabati na mlango uliopakwa rangi, lakini hakuna mtu aliyewahi kulala ndani yake. Kosa ni langu. Nilikaza nati moja chini ya lori, kisha nikadanganya kuhusu nati hiyo.

Niseme mapema: nimekuja kukiri, sikuja kulia.

Mimi ni Mkuria niliyeolewa kwa Wajaluo, upande wa Ndhiwa. Mume wangu anafanya kazi Mombasa. Lori letu la shamba, kuukuu kuliko ndoa yetu, naliendesha mimi. Miwa ikikomaa nabeba miwa hadi kiwanda cha sukari cha Awendo. Isipokuwepo nabeba mchanga, mahindi, chochote. Wanaume wa huku wameshachoka kushangaa.

Shemeji, mdogo wa mume wangu, alikuwa anahamia boma lake mwenyewe, dala. Kwa wasiojua: baba humtangulia mwanawe asubuhi na mapema, wakiwa na jogoo na shoka, hadi kwenye uwanja mtupu. Nyumba hujengwa siku hiyohiyo, na mwenye boma na mkewe hulala ndani usiku huohuo. Siku hizi watu wanaezeka mabati, lakini siku bado ni ile moja.

Na baba mkwe wangu ni mkali! Hakutaka hata msumari ufike kabla yake. Miti ya kuta ingekatwa palepale. Mabati na mbao za paa ningezitoa Awendo siku yenyewe. Kila kitu kilikuwa juu ya lori langu.

Siku iliyotangulia, klachi ilianza kuteleza. Nakanyaga mafuta, injini inanguruma, lori linajivuta tu. Nikampigia fundi simu.

"Usiiguse, Mama," akasema. "Nimalize trekta la watu, nitakuja na pikipiki. Ni kurekebisha tu."

"Kama ni kurekebisha tu, hata mimi naweza."

"Wewe nipikie samaki, klachi niachie!" Akacheka.

Loo! Maneno hayo yalinichoma.

Nikaingia chini ya lori na spana. Nilishamwona akifanya kazi hiyo mara nyingi. Nilijua fimbo ya klachi iko wapi na nati yake ni ipi. Sikujua inazungushwa upande gani. Nikajiambia kinachoteleza kimelegea, na kilicholegea hukazwa. Nikakaza! Nikakaza hadi pedali ikawa ngumu, haichezi hata kidogo. Nikafurahi, nikamwambia fundi asije.

Jioni baba mkwe akauliza, "Fundi ameliona lori?"

"Ameliona, Baba."

Uongo mwepesi hivyo!

Sasa najua. Pedali ya klachi lazima icheze kidogo kabla haijaanza kufanya kazi. Isipocheza, ni kama dereva ameikanyaga njia nzima. Lori langu lilikuwa limebakiwa na mchezo mdogo, na mimi nikauondoa.

Siku ya kuhama, lori lilikwenda Awendo tupu bila shida. Lilirudi na mzigo likiteleza, na kwenye mlima wa mwisho harufu ya kuungua ikajaa ndani. Ningesimama hapo, pengine klachi ingepona. Badala yake nikazidisha mafuta! Moshi ukatoka chini ya miguu yangu, lori likakwama. Kule juu kuta zilikuwa zimesimama, na wajenzi wameketi wakingoja paa.

Nikampigia fundi wa lori, akaja mbio, akajitupa chini yake.

"Nani alikaza hii?"

Baba mkwe, aliyekuwa ameshuka kutoka bomani, akanigeukia. "Nyar Kuria, si ulisema fundi ameliona?"

Nyar Kuria ni binti wa Kuria. Ndivyo anavyoniita akifurahi. Siku hiyo hakuwa na furaha.

"Nilidanganya, Baba."

Watu wakabeba mabati vichwani, wengine kwa pikipiki. Jua likazama paa likiwa nusu. Baba mkwe akasema hawezi kumlaza mwanawe katika nyumba iliyo wazi. Shemeji hakunitukana. Alichukua jogoo wake, mkewe akambeba mtoto, wakarudi walikotoka. Heri angenitukana!

Paa lilimalizwa kesho yake. Lakini baba mkwe anasema hamhamishi mwana mmoja mara mbili. Mchungaji anasema waombe, waingie. Shemeji yuko katikati, mkewe hanisalimii, na nyumba imefungwa.

Kisha mtoto wao akashikwa na homa, na watu wakapata la kusema. Ni chira, walisema, adhabu ya mila iliyovunjwa, na aliyeileta ni yule mwanamke wa spana!

Hapana! Nati ni yangu. Uongo ni wangu. Aibu ya shemeji ni yangu pia, nitaibeba. Malaria si yangu. Mtoto alitibiwa zahanati na sasa anakimbiza kuku.

Na yule anayesema mwanamke asiguse lori, asikie. Nilikosea kwa sababu sikuuliza. Klachi mpya nimeifunga mwenyewe, fundi akiwa kando yangu akinielekeza. Naendesha bado!

Wewe mwenye gari kuukuu, klachi ikiteleza usikimbilie kukaza. Uliza kwanza nati inakwenda upande gani. Kama umeshakosea, sema kabla mzigo haujapanda mlima. Ningesema jioni ile, fundi angelala chini ya lori hilo hadi likae sawa.

Jana alinijia mdogo wake shemeji, anayemfuata kuzaliwa. Kwa mila hawezi kuhama kabla ya kaka yake, lakini amechoka kungoja. Anataka nimbebee mabati, kimyakimya.

"Sibebi kitu ambacho Baba hajui," nikamwambia. "Nenda ukamwambie mwenyewe."

Leo aliingia kwa baba mkwe kabla ya chai ya asubuhi. Sasa ni saa sita mchana, na hajatoka.