Machicha ya Koko

Levao hakuwa mtu wa maneno mengi. Mteja akimwuliza bei, aliinama akayajibu madonge yake ya koko badala ya kumjibu mteja. Hata hivyo kijiji chote, na vijiji vingi vya kisiwa cha Savai'i, vilimjua, kwa sababu tangu baba yake afariki yeye ndiye aliyekuwa mtengeneza koko. Mkewe Vaosa alikaanga mbegu za kakao juu ya kuni. Levao akazimenya, akazitwanga zingali za moto mpaka zikawa uji mweusi, akaumimina vikombeni ugande. Magari yalisimama mbele ya kibanda chake cha barabarani, na watu walinunua donge moja la kunywa nyumbani na mengine ya kuwapelekea ndugu zao ng'ambo.

Kisha Ropati akarudi kutoka Nyuzilandi.

Walikuwa wamekua pamoja, nyumba na nyumba. Alirudi na mvi, na kicheko kikubwa, akarithi mikakao ya mjomba wake, akajenga kibanda mkabala kabisa na cha Levao. Kila donge alilifunga kwa jani kavu la mgomba na kamba ya nazi, likapendeza kama zawadi ya harusi. Wanakijiji waliona haya kumhama Levao, lakini wapita njia hawakuwa na haya yoyote. Levao, akiwa ndani anatwanga, alijifunza kutambua kwa sauti ya breki gari linalosimama kwake na linalosimama kule.

"Mbona unatwanga kama unaua mtu?" Vaosa alimwuliza siku moja.

"Nataka iwe laini."

"Ilikuwa na kasoro gani?"

"Ya mwenzetu ni laini. Mambo ya Nyuzilandi hayo. Watu siku hizi hawataki kutafunatafuna."

"Umeionja?"

"Nitaionjaje, mama? Nivuke barabara nikanunue kwake, kijiji kizima kinanitazama?"

Basi akaendelea kutwanga. Kila siku alizidisha, mpaka koko yake ikawa laini kama mafuta, haina hata punje ya kukwama kwenye jino. Hakuna aliyemlalamikia. Ila wazee waliokuwa wakimaliza kikombe na kubaki wanatafuna machicha, zile chembe za chini ya kikombe, huku wanapiga soga, sasa walikuwa wanamaliza na kuinuka.

Mwaka huo kanisa jipya lilikuwa linafunguliwa, na wageni wangetoka pande zote za kisiwa. Tangu enzi za babu yake, shughuli kubwa kama hiyo ikitokea, koko ya wageni ilitoka nyumba ya akina Levao, wala hapakuwa na mjadala. Safari hii mchungaji alitangaza kwamba, kwa kuwa kijiji sasa kina watengenezaji wawili, ataonja kwanza. Jumapili hii Levao ataleta koko kwenye chakula cha nyumba ya mchungaji, Jumapili ijayo ataleta Ropati.

Levao hakulala vizuri. Siku mbili tatu baadaye alimwambia mkewe kwamba anavuka bahari kwenda mjini Apia kununua misumari.

Sokoni Apia, dada yake Ropati aitwaye Matalena alikuwa na meza ya kuuza koko ya kaka yake. Aliolewa mjini tangu usichana, na Levao aliamini kwamba hatamkumbuka. Alivuta kofia mpaka kwenye nyusi.

"Naomba donge moja."

"Kofia yote hiyo ya nini, baba? Jua liko nje, humu ndani kuna kivuli," Matalena alisema. "Unampelekea nani, mgonjwa au mchumba?"

"La kwangu mwenyewe."

"Haya, mchumba basi. Chukua hili kubwa, atakupenda zaidi."

Wauza magimbi wa meza ya pili walicheka. Levao alilipa na kuondoka akiwa amesahau misumari.

Kwenye meli alikaa nyuma, peke yake. Alifungua kamba, akatupa baharini jani na kila kitu ambacho kingeweza kumtaja Ropati, kisha akamega kipande akakitia mdomoni. Alitaka kiwe kibaya. Aliomba kiwe na ladha ya moshi, au ya pesa. Kikayeyuka polepole, uchungu wake ukatulia chini ya ulimi, kisha kikaacha chembe chembe ngumu za kutafuna. Levao akatafuna. Alitambua. Ilikuwa koko ya baba yake, ileile, ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameacha kuitengeneza bila kujua ameiacha lini.

Wivu uliomshika pale haukuwa tena wa magari. Alihisi kama mtu aliyemkuta jirani yake amevaa shati la marehemu baba yake, na linamkaa vizuri.

Alilificha donge lile kwenye bati nyuma ya gunia la mchele. Vaosa aliambiwa misumari imepanda bei.

Jumapili baada ya ibada wanaume wakubwa waliketi katika nyumba ya mchungaji, kila mmoja akiegemea nguzo. Levao alichagua nguzo ya pembeni. Ropati alikaa upande wa pili, anacheka na kila mtu. Walikula, kisha akina mama wakaleta koko ya moto. Kabla kikombe hakijamfikia Levao, harufu ilimfikia, akaijua: ni ya donge lile.

Mchungaji alikunywa, akatazama ndani ya kikombe. Mzee Ieti, mwenye meno machache, akaanza kutafuna, na machozi yakamtoka.

"Ya nani hii?" mchungaji akauliza.

"Ya kwetu, Mchungaji," Vaosa akajibu kutoka mlangoni, uso unang'aa. "Mume wangu alikuwa ameificha nyuma ya mchele. Nikajua tu ameitengeneza maalumu kwa ajili yako."

"Huyu ni baba yake mtupu!" Mzee Ieti akasema. "Levao, mwanangu, ulitunyima siku zote hizi kwa nini? Ulikuwa unatunywesha matope!"

Watu wakaangua kicheko. Mchungaji akainua mkono. "Sioni haja ya kungoja Jumapili ijayo. Ropati, utaniwia radhi. Koko ya wageni itatoka kwa Levao."

Levao alimtazama Ropati. Ropati alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, hacheki. Akanywa tena, polepole, kama mtu anayesoma jina lake mwenyewe kwenye mlango wa mwingine. Kisha akasema, "Haki yake. Koko hii haina mpinzani."

Levao hakufungua mdomo. Hilo ndilo lililomtesa njia nzima ya kurudi, na usiku, na asubuhi. Angeweza kununua madonge mengine Apia kwa ajili ya wageni. Angeweza kufa. Vaosa alipoenda kuchota maji, Levao alivuka barabara, mchana kweupe, majirani wote wakiwa vibarazani.

"Nimekuja kununua," alisema, akiangalia madonge.

"Tena?" Ropati akajibu. "Dada yangu alinipigia simu siku ileile. Aliniambia, kaka, amekuja mwanamume wa kwenu kaficha uso akasahau kuficha mikono. Kucha nyeusi kwa koko mpaka kwenye mizizi."

Levao akaficha mikono nyuma, amechelewa.

"Mbona hukusema jana?"

"Niseme nini, bwana? Nikuvue nguo mbele ya mchungaji?" Ropati akageuka pembeni. "Lakini usifikiri sikuumia. Koko yangu imeliza watu, wakataja jina lako. Sijapata usingizi."

Levao aliona aibu kwa jinsi maneno hayo yalivyomburudisha.

"Umeipata wapi?" akauliza. "Ile ni ya baba."

"Kwani nilikuwa nakula wapi utotoni? Nilikaa miguuni pake nikingoja machicha. Huko ugenini nilihangaika nayo miaka, naharibu, naanza tena." Akamsogezea kinu, mbegu ndani zikifuka moshi. "Mchungaji amesema ya Levao, iwe ya Levao. Twanga."

Levao alishika mchi. Akatwanga kama alivyozoea, kwa nguvu, kwa hasira, na uji ukaanza kung'aa.

"Basi!" Ropati akasema.

"Bado."

"Basi! Acha hapo hapo!"

Mchi ukabaki hewani. Ndivyo baba yake alivyokuwa akisema, kwa sauti ileile ya kukata, akiushika mchi ili mtoto asiharibu. Levao aliuweka chini. Alichovya kidole, akaonja, akatafuna. Ilikuwa yenyewe.

Koko ya wageni ingetoka kwake, na ingekuwa nzuri, na wazee wangetafuna mpaka jioni. Levao alijua yote hayo. Lakini alipokuwa anavuka barabara kurudi kwake, kilichomchoma ni kwamba neno lile la baba yake lilikuwa limehifadhiwa miaka yote hiyo kinywani mwa Ropati.