Amesomewa, Akakubali

Munshi Allah Wasaya, mwandishi wa maombi ya watu, hakujua kuongea Kiingereza, na usimcheke, kwa sababu alikuwa amekiandika miaka arobaini na moja. Ukimwamkia kwa lugha hiyo alikukodolea macho tu. Lakini umweke mbele ya taipureta yake, pale chini ya bati kwenye ukuta wa mahakama ya Kot Murad, umwambie shida yako kwa Kisaraiki, lugha ya huko, vidole vyake vilikuwa vinaondoka vyenyewe hata kabla hujamaliza kulia.

Siri ilikuwa hivi: Kiingereza cha maombi ni kile kile. Kimezaliwa hivyo na kitazikwa hivyo. Sentensi ya kwanza inapiga magoti: kwa heshima zote zinazomstahili mheshimiwa, naomba kueleza. Halafu zinakuja zile kwamba, moja baada ya nyingine. Kwamba mwombaji ni maskini. Kwamba hana msaada mwingine chini ya mbingu. Kwamba ni mzee, dhaifu, na anasumbuliwa na maradhi mbalimbali. Katikati mambo yanatokea yenyewe, hayana mwenyewe: shamba limevamiwa, malipo yamecheleweshwa, faili limepotea. Nani kavamia, nani kapoteza, Mungu ndiye ajuaye. Mwisho dua kwa mheshimiwa. Na chini kabisa mstari ambao sheria inaudai: mwombaji amesomewa haya kwa lugha yake, ameyaelewa, amekubali kuwa ni kweli. Hapo mwombaji anatia dole gumba, munshi anatia sahihi na namba ya leseni.

Kusomewa! Foleni imefika langoni, jua la Juni linapasua bati, nani amsomee nani? Wenzake wote hawakumsomea mteja. Yeye mwanzoni aliwasomea, mwaka mmoja hivi, kisha akaacha, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Alikuwa amechoka, basi. Si uchovu wa kulala ukaamka mzima. Ulikuwa umemwingia kwenye viungo vya vidole, kwenye shingo, mpaka kwenye masikio, kwa sababu ya kusikiliza shida za watu na kuzitia zote katika nguo moja.

Jumatano asubuhi Sughran akaja. Mwanamke wa miaka arobaini na sita, mpana wa mabega, miaka kumi na tisa anafagia na kuteka maji katika shule ya wasichana kama kibarua. Miezi miwili nyuma Munshi alimwandikia ombi la kuajiriwa kabisa. Sasa alikuwa na barua ameikunja kwenye pindo la mtandio.

"Salaam aleikum, Munshi."

"Waaleikum salaam, Mai," alimjibu, kama waitavyo mama huko. "Keti."

"Sikuja kuketi. Nisomee hii. Mlinzi wa shule kasema ina mhuri, basi ni habari njema. Nimeshaagiza halwa."

Munshi akavaa miwani. Akasoma mara moja, akarudia. Akavua miwani.

"Wanasemaje? Mbona unakaa kimya kama mtu aliyemeza mfupa?"

"Wanasema... kazi yako inaisha Jumamosi."

"Inaisha vipi?"

"Wanasema wewe ni mzee, dhaifu, una maradhi mbalimbali. Kwa hali hiyo huwezi kazi ya shule. Mwenye pingamizi alete kabla ya Alhamisi adhuhuri."

Sughran alicheka kwanza. Kisha akanyamaza, kisha akapiga meza kwa kiganja mpaka taipureta ikalia.

"Mgonjwa mimi? Mimi ninayeteka ndoo arobaini kabla kengele haijalia? Nani kawaambia? Hee! Nimemjua. Ni yule mwalimu Nusrat. Ana dada yake anaitaka kazi yangu. Leo nakwenda kumvua nguo mbele ya wanafunzi!"

Barua yenyewe ilisema waziwazi, ingawa hapo Munshi hakumsomea: kwa kukiri kwake mwenyewe mwombaji, aya ya nne. Munshi aliijua aya ya nne, ile ya uzee na maradhi, kama anavyolijua jina la mama yake. Alikuwa ameiandikia maelfu ya watu. Kwa anayeomba msaada wa wajane ni dawa, kwa anayeomba kupunguziwa kodi ni dawa. Kwa anayeomba kazi ya kuteka maji ni sumu, na yeye aliiweka, kwa kuwa baada ya aya ya tatu vidole hujiendea kwenye ya nne. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Huyu alitangaziwa maradhi asiyokuwa nayo.

"Usimwendee Nusrat," alisema.

"Kwa nini? Unamtetea?"

"Subiri kwanza nikuandikie pingamizi." Hilo ndilo alilolisema. Ukweli aliuacha, akatafuta karatasi safi.

Sughran aliposogea kunywa maji, Munshi Taj Din wa meza ya jirani, kijana wa tambuu shavuni, akainamisha kichwa.

"Ndugu mzee, ni kazi ya mkono wako hiyo, au siyo?"

"Nyamaza."

"Sasa hofu ya nini? Andika: kosa limetokea. Limetokea, basi! Kama mvua. Kiingereza kiliumbwa kwa ajili ya siku kama hii."

Munshi akaandika. Kwa heshima zote. Kwamba kwa bahati mbaya kosa limetokea. Kwamba linasikitikiwa. Chini akaweka mstari wake, amesomewa, akakubali, na Sughran akatia dole bila kuuliza neno. Munshi alimtazama akipangusa wino kwenye ukuta, akaona aibu, akaangalia pembeni.

Wakaenda pamoja kwenye ofisi ya elimu, Sughran akasubiri mbali kidogo na dirisha, akisikia neno moja moja. Karani, Nazar Abbas, mtu mkavu lakini si mbaya, akasoma akarudisha karatasi.

"Kosa limetokea. Nani kalifanya?"

"Limetokea tu, sahibu," alisema Munshi.

"Mzee, usinichoshe. Hapa chini ya ombi la kwanza pana dole lake, kwamba alisomewa akakubali ni mgonjwa. Leo ana dole jingine kwamba si mgonjwa. Ama alidanganya siku ile, ama anadanganya leo. Mwongo hatumwajiri. Au kuna kitu kingine?"

Munshi aliikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Kesho adhuhuri nafunga faili," alisema Nazar Abbas, akavuta dirisha.

"Amesema nini kuhusu uongo?" Sughran aliuliza njiani. "Mimi sijawahi kudanganya mtu, Munshi. Hata nyumbani wananicheka kwa hilo."

"Najua, Mai. Kesho njoo mapema."

Alhamisi Munshi alikuwa wa kwanza kufika ukutani. Dengu alizofungashiwa na mkewe hakuzifungua. Aliingiza karatasi, akaandika kwa heshima zote, akaing'oa. Akaingiza nyingine. Vidole vilitaka kwenda kwao, kwenye kwamba, naye akavizuia, na kuvizuia kulimchosha kuliko kurasa mia. Ilimchukua saa nzima kupata mistari mitatu. Taj Din alikuja kuchungulia, tambuu ikasimama shavuni.

"Umerogwa? Wakiisoma hii leseni huna. Utakula nini?"

"Nitakula nilichokula kabla ya leseni."

"Kwa ajili ya mfagiaji?"

"Toka mbele ya macho yangu, Taj Din."

Sughran alipofika, Munshi alisimama, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mteja.

"Leo nitakusomea," alisema. "Sikiliza mpaka mwisho, ndipo utie dole." Akamsomea kwa Kisaraiki, taratibu, kidole kikifuata mstari. "Mimi, Allah Wasaya, ndiye niliyeandika kwamba Sughran ni mzee na mgonjwa. Yeye hakusema hivyo. Mimi sikumsomea ombi lake, na niliandika kwamba nimemsomea."

Mteja mmoja wa Taj Din akakohoa.

"Rudia," alisema Sughran.

Akarudia.

"Kumbe ni wewe." Hakupiga meza. "Jana nimemtukana Nusrat watu wanasikia. Nimemwita mwizi. Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Shetani mzee we!"

"Ni kweli, Mai."

Sughran akatia kidole kwenye wino, akagandamiza dole chini ya karatasi kwa nguvu kiasi kwamba meza iliyumba. Hakusema ahsante, na angesema ahsante kwa lipi?

Dirishani Nazar Abbas aliisoma akiwa amesimama. Akamtazama Munshi juu ya miwani.

"Unajua ninachotakiwa kufanya na hii?"

"Najua, sahibu."

"Lete leseni." Akaipokea, akaiweka kwenye droo. Kisha akalivuta faili la Sughran, akakata barua ya kuachishwa kazi kwa mistari miwili, akagonga mhuri. "Jumamosi njoo kazini kama kawaida, Mai. Ombi lako litaangaliwa upya. Na aliandike mtu mwingine."

Ukutani Munshi alikusanya vitu vyake. Havikuwa vingi: kiti, mto wa kiti, kopo la wino, bakuli la dengu. Halafu taipureta, dude la chuma la zamani za Waingereza, ambalo miaka yote hiyo liliachwa pale usiku limefungwa kwa mnyororo. Akainama, akaliinua hadi magotini, mgongo ukakataa. Akaliweka chini. Akajaribu tena.

"Ondoka hapo," alisema Sughran.

Akaviringisha mtandio, akauweka kichwani, akachuchumaa, akainuka na taipureta juu kana kwamba ni ndoo ya arobaini na moja. Akapita nayo mbele ya dirisha la ofisi ya elimu, shingo imenyooka, Nazar Abbas akiwa ameshika kikombe cha chai hewani.

"Maradhi mbalimbali!" Taj Din aliita nyuma yao.

"Nyumba yako wapi?" aliuliza Sughran bila kugeuka. Bado alikuwa na hasira. "Na kutoka hapo tunakwenda kwa Nusrat, wewe na mimi. Utamwambia kwa mdomo wako."

"Nitamwambia. Lakini punguza mwendo, Mai," alisema Munshi Allah Wasaya, bakuli la dengu mkononi. "Mimi ni mzee."