Bado Mkono wa Kushoto

Mgeni yeyote aliyekuja kuzungumza kwenye klabu yetu ya Edmonton alifukizwa udi kwanza. Hilo halikuwa na mjadala. Awe daktari, awe polisi, awe yule kijana wa kaunsili aliyekuja kutueleza takataka ipi iende pipa gani, alisimamishwa mlangoni akaambiwa afungue koti. Mama yangu akampitishia chetezo ndani ya koti, kisha mkono wa kulia, kisha wa kushoto, na mwisho akamnyunyizia marashi mpaka miwani ikalowa. Yule polisi aliuliza kilichomo kwenye chetezo ni kitu gani. Tukamwambia ni kipande cha mti. Sidhani kama aliridhika, lakini aliondoka pale ananukia kama bwana harusi.

Klabu yenyewe ilikuwa ya watu wa kujitolea. Wengi wetu tulikuwa watu wa Unguja na Pemba waliofika Uingereza miaka ya baada ya Mapinduzi, na watoto wao, pamoja na jamaa wachache wa bara. Tulikodi ukumbi wa chini katika jengo moja karibu na stesheni ya treni, Jumamosi mchana. Tulipika kwenye misiba, tuliwasindikiza wazee hospitali, tuliwatembelea wagonjwa wasio na mtu, na kila mwezi tulimwalika mgeni aje kutufundisha jambo. Aliyewaandikia wageni ni mwenyekiti wetu, mzee wa Kihindi mzaliwa wa Unguja aliyekuwa akikaa Queensbury. Alibadilisha treni na mabasi kutufikia, na hata siku ya theluji hakukosa. Alisema kule kwake majirani ni watu wema sana, ila hakuna anayejua kumtania.

Kazi yangu mimi ilikuwa ukalimani. Hakuna aliyenichagua. Nilikuwa na sauti kubwa, na sikuwa na subira ya kuwasikiliza wengine wakikosea. Mgeni alisema kwa Kiingereza, nami nikawageuzia bibi zetu kwa Kiswahili. Wageni wengine, lazima niseme, walikuwa wanachosha. Mtu anaweza kusimama akaeleza faida za maji mpaka ukapata kiu. Mimi nilisema, "Anasema mnywe maji," tukaendelea. Mwenyekiti alinikodolea macho, kwa sababu Kiingereza anakijua, lakini wengine walinishukuru maana chai ilikuwa inapoa.

Mama alikaa siku zote kiti cha mbele kabisa, kile kilichonielekea mimi, si mgeni. Alinikazia macho tangu mwanzo hadi mwisho. Nikiinama kuokota karatasi, au nikigeuka kumsikiliza mgeni huku bado nasema, aliniashiria kwa mkono niinue uso. Nikauinua nimenuna, mtu mzima na wanangu. Nilijua ananikagua. Mama amenikagua tangu nizaliwe, nguo zangu, ndoa yangu, mchuzi wangu, kwa hiyo sikuona ajabu akikagua na ukalimani.

Nampenda sana mama yangu, lakini si mtu mwepesi. Yeye ndiye msemaji, wewe msikilizaji. Anakuuliza habari za watoto, na kabla hujafungua mdomo keshajijibu. Simu ya kawaida haitaki. Ikilia anaiacha ilie, na ukimuuliza anasema simu ni ya watu wasio na kazi. Ile ya picha anaipenda mno, anaisogeza karibu mpaka tunaona pua tu. Wajukuu wakimwambia jambo kwa Kiingereza anawapapasa vichwa na kusema, "Ahsante, baba," hata kama wamemuuliza choo kiko wapi.

Alikuwa akikaa peke yake kwenye fleti ya ghorofa za juu, mwendo mfupi kutoka ukumbini. Kaka yangu mkubwa yuko Hayes, upande wa pili wa mji. Anafanya kazi uwanja wa ndege, na ana nyumba nzuri, na ana masharubu mazito anayoyapenda kuliko gari lake. Katika nyumba hiyo kulikuwa na chumba cha chini kilichokwisha kutandikwa, kinamngoja mama. Kila alipokuja Edmonton kaka alipata sababu mpya ya kumhamisha. Leo lifti mbovu, kesho ngazi zina giza. Siku moja akapata sababu kubwa kuliko zote: aliinua macho akaona alamu ya moshi pale darini imevishwa kofia ya plastiki ya kuogea.

Wasiokuwa watu wetu watashangaa, basi nieleze. Sisi tunafukiza nyumba. Tunafukiza nguo, mito, nywele, na jioni ya kuamkia Ijumaa ndiyo usiseme. Alamu za nchi hii hazijui tofauti ya udi na nyumba inayoungua. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na dawa yake. Kuna waliozivisha kofia za kuogea, kuna waliozivisha soksi, na kuna waliotoa betri wakaitumia kwenye saa ya ukutani. Lilikuwa jambo la kawaida kabisa, na wala hatukuwa tukilizungumza.

Kaka alikasirika kweli. Alimwambia mama kwamba akija tena akaikuta alamu imefunikwa, mama anahamia Hayes, hakuna maneno. Alipoondoka nilimkuta mama jikoni anafuta meza iliyokwisha kufutwa.

"Hayes nikafanye nini?" akasema. "Nikatazame ndege?"

Alicheka, lakini aliendelea kuifuta ile meza. Niliingiwa na hofu. Hayes maana yake ilikuwa hakuna klabu, hakuna mlango wa kumpokelea mgeni, hakuna jirani wa kumgongea ukutani akitaka chumvi. Nami nilijiogopea mwenyewe, kwa sababu kwake ndiko nilikokuwa nikipita kila jioni nikitoka kazini, nikavua viatu na kugombezwa kidogo kabla ya kwenda kwangu.

Mwezi uliofuata mwenyekiti akamwalika mtu wa zimamoto. Tulitazamia baba mwenye tumbo. Akaja msichana mrefu aliyevaa sare na viatu vizito, rika la binti yangu. Mama alimpenda papo hapo, na kwa sababu ni msichana akamtilia udi wa kutosha, ule mzuri unaotolewa harusini. Siku zote alifukizia nje, kwenye kibaraza. Siku hiyo mvua ilikuwa ikisukumwa na upepo mpaka mlangoni, makaa yakataka kuzimika, basi akamshika mgeni mkono akamwingiza ndani na kumsimamisha kwenye ujia, chini kabisa ya alamu ya jengo. Sisi wengine tulikuwa tunapanga viti. Hakuna aliyetazama juu.

Ikalia jengo zima. Niliziba masikio. Watoto waliokuwa wakijifunza karate ghorofani wakateremka miguu mitupu, waalimu wao wakiwapigia kelele wasikimbie, na sote tukamiminika barabarani kwenye mvua. Bibi zetu walijitanda kanga juu ya mabaibui. Mwenyekiti alitoka amekumbatia sinia la sambusa. Yule msichana alihakikisha hakuna aliyebaki, ndipo akatoka, na mbele yake anatembea mama, chetezo mkononi, hana haraka na mtu. Walipofika kando ya barabara mama akamgeukia.

"Bado mkono wa kushoto," akasema.

Alamu inapiga, watoto wa watu wanatetemeka kwa baridi, na yule msichana, bila kutafsiriwa, akanyoosha mkono wake wa kushoto. Mama akamfukiza taratibu mpaka kwapani, akammalizia kwa marashi. Ndipo gari la zimamoto likatokea, na wenzake wakateremka wakamkuta afisa wao analowana kwa mvua na maji ya mawaridi kwa pamoja. Walicheka mpaka wakaegemea gari. Nami nilimwonea mama fahari isiyo kiasi. Nilijiambia, hawa ndio watu wa zamani, kila mtu amepapatika na yeye anamalizia heshima ya mgeni.

Tuliporuhusiwa kurudi ndani msichana alizungumza vizuri, wala hakugusia yaliyotokea. Kisha akauliza ni nani kati yetu aliyefunika alamu nyumbani. Nikatafsiri. Watu wakaanza kuzichunguza sambusa zao. Mama, pale mbele yangu, akainua mkono.

"Mimi," akasema. "Yangu ina kofia."

Baada yake mikono ikainuka mmoja mmoja mpaka ukumbi mzima, na wa mwisho ulikuwa wa mwenyekiti, ambaye naye alikuwa na ubani wa ibada zake. Msichana hakutugombeza. Alisema atapita nyumba kwa nyumba, bure, na ataanzia kwa bibi wa mlangoni.

Habari za kutolewa nje ya jengo zilifika Hayes kabla nguo zetu hazijakauka. Siku ya ziara kaka alikuwepo fletini tangu asubuhi, ameketi kama mtu aliyekwisha kuagiza gari la kuhamisha vyombo. Msichana akaivua ile kofia ya kuogea, akampa mama kwa mikono miwili. Akaifunga alamu upande mwingine wa ujia, mbali na jiko, akatuelekeza: udi uchomwe jikoni, mlango ufungwe, dirisha liwe wazi. Nilifurahi. Nilimtazama kaka kumwonyesha kwamba neno limekwisha. Mama alikuwa ametupa mgongo, anamimina kahawa.

Msichana akasema tuijaribu, akabonyeza kitufe.

Kaka aliruka. Mimi niliruka. Mama aliendelea kumimina. Alijaza kikombe cha kwanza, akajaza cha pili, hakumwaga hata tone, akaiweka birika chini, akageuka na tabasamu lake kutukaribisha. Msichana alikuwa bado amebonyeza.

"Mnatazama nini?" mama akauliza.

Ndipo nikaikumbuka ile siku ya mvua. Fahari yote niliyomwonea, kumbe mama wa watu hakusikia kitu.

Kaka akaniambia kwa Kiingereza kwamba basi, mambo yamekwisha, wiki hii mama anahama. Nikamjibu kwa Kiingereza hichohicho kwamba hahami mtu. Tukawa tunabishana juu ya kichwa cha mama yetu kama tunagombea kiti cha dirishani, mpaka msichana akaja katikati. Alimgusa mama begani ili amtazame, kisha akaniomba nimtafsirie neno kwa neno. Alisema kuna alamu za watu wasiosikia. Inawaka taa, na kuna kitu cha kutia chini ya mto ambacho kinamtikisa mtu akiwa amelala. Angekuja kumfungia mwenyewe. Nikayasema yote hayo, na mama akanikazia macho kwenye midomo mpaka nilipomaliza, vilevile kama anavyofanya kwenye kile kiti chake cha mbele. Nikamuuliza:

"Tangu lini, mama?"

"Tangu zamani. Yanapungua kidogo kidogo," akasema, akishika sikio lake. "Wewe nakufahamu, kwa sababu ukisema unafungua mdomo. Huyu kaka yako anasemea kwenye masharubu."

Kaka akaketi. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya barabara: mama, unataka nini?

"Usinipigie kelele, baba. Nitazame, useme."

Kaka akavuta kigoda mpaka magoti yao yakagusana. Akayatenga masharubu yake kwa vidole, akasema polepole, kila neno peke yake.

"Mama. Unataka nini?"

Lile lilikuwa ndilo swali lenyewe, na katika vurugu zote za Hayes hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Nataka kukaa kwangu," mama akasema. "Na huo mto waulete utikisike. Mie usingizi wangu mzito, baba yenu alikuwa akinitikisa vivyo hivyo."

Kaka alicheka, kisha akainamisha kichwa kwenye mapaja ya mama akalia. Mimi nilijifanya namtafutia mgeni sukari. Msichana wa watu alikunywa kahawa chungu na haluwa, akasema ni nzuri.

Alamu ya mto ikaja. Mama aliipenda, akataka majirani waje kuijaribu, na bibi mmoja alitikisika hapo kitandani huku akicheka mpaka akapaliwa. Kuhusu ukalimani alisubiri mpaka tukawa peke yetu. Akaniambia midomo ya wageni huwa anaiona, inakwenda mbio muda mrefu, halafu mimi nasema maneno mawili. Akataka kujua mengine nilikuwa nikiyapeleka wapi. Nilisema walikuwa wanasema upuuzi. Akasema upuuzi pia anautaka, ni wake.

Mkutano uliofuata mgeni alikuwa mama mmoja wa bustani, aliyekuja kutufundisha kupanda kotimiri kwenye ndoo. Tulipangana nje kwenye kibaraza, mwavuli tayari, maana ndani chetezo hakikuingia tena. Mgeni alikwisha kufukizwa na kuingia, na mama alikuwa anataka kuzima makaa, nilipomwona mtu anatoka upande wa stesheni kwa haraka. Kwa muda sikumjua. Alikuwa kaka. Hakuwahi hata siku moja kufika klabuni kwetu, na uso wake ulikuwa mtupu, mdomo wa juu umepauka kama wa mtoto, masharubu yote yamekwenda.

Akasimama mbele ya mama.

"Mama," akasema, "nimechelewa?"

Mama alimtazama muda mrefu. Alihamishia chetezo mkono mmoja, akampitishia kidole juu ya mdomo, huku na huku. Kisha akapuliza makaa yakawaka tena, na akamwambia afungue koti.