Nilivyomhamishia Marehemu Kwenye Kompyuta Mpya

Katika ukoo wetu wote hakuna anayeniweza kwa kompyuta.

Ukoo wenyewe, upande wa baba yangu, tumebaki mimi na shangazi yangu asiyeona.

Na ni mimi huyu huyu, kwa kidole kimoja, niliyemzika mtu mara ya pili.

Ilikuwa hivi. Naishi na mkwe wangu, mke wa mwanangu anayefanya kazi mbali. Mama yake alifariki, akaacha sauti zake kwenye kompyuta kuukuu ya sebuleni. Mkwe alimrekodi akiwa mgonjwa: anacheka, anasimulia, ananisengenya. Ndiyo, ananisengenya. Mimi na marehemu tulikuwa hatuivi chungu kimoja.

Mkwe akanunua kompyuta nyingine, mpya mpya kidogo. Akasema fundi atakuja kuhamisha mafaili.

Fundi wa nini? Nimehama nyumba ngapi mimi? Nilitaka atoke kazini akute kila kitu tayari, aniambie hata mara moja, asante Mama.

Nikachomeka flashi. Vile vipicha vyote vya kwenye skrini nikavinakili kimoja kimoja, ulimi nje. Kwenye ile mpya nikatengeneza folda, nikaipa jina, nikavimwaga humo. Vikakaa vizuri, kila kimoja na kamshale pembeni. Nikadhani ni urembo.

Sasa, mtu ukihama huachi nyumba ya watu chafu. Nikarudi kwenye ile kuukuu, nikaingia ndani kabisa, nikakuta mafaili yasiyo na majina, namba tupu. Uchafu huu, nikasema. Nikafagia. Na kapu la taka nikalimwaga.

Nikakaa kusubiri sifa.

Mkwe aliporudi akabofya sauti ya mama yake. Kimya. Akabofya nyingine. Kompyuta ikaandika kwamba faili halipo. Akaiwasha ile kuukuu, akapekua weee, akanyanyuka taratibu.

"Hizi ni njia za mkato tu," akasema, kama anaongea na ukuta. "Mtu kahamisha vibao vya milango. Vyumba kavibomoa."

Hakulia. Angelia ningepata cha kufanya.

Nani angeamini sikukusudia? Mgomvi wa marehemu, peke yangu nyumbani na sauti ya marehemu. Aibu ikanipanda mpaka masikio yakawaka. Nikatafuta pa kutokea.

"Fundi alipita," nikasema. "Nilimwonya asifanye haraka."

Wajukuu zangu wa mtandaoni, funzo nawapa hapa hapa kabla sijakimbia: ukihamisha, fungua kule kupya usikilize kwanza, ndipo ufagie ulikotoka. Baadaye fundi alizifufua baadhi ya zile sauti. Ile ya kicheko haikurudi. Mpaka leo nikimkuta mkwe mbele ya mashine ile, napita kwa kunyata ndani ya nyumba ya mwanangu mwenyewe.

Lakini siku ile alikuwa ameshashika simu, anampigia fundi wa watu amchambe. Mara akasita. Macho yake yalikuwa kwenye jina la ile folda. Akalisoma, akakata simu, akanigeukia.

"Mama," akasema kwa upole ulionimaliza, "fundi amejuaje kwamba mama yangu ulikuwa unamwita Bi Mdomo?"