Muziki wa Mpelelezi Uliozidi Mbio

Saa nne na robo asubuhi, siku ya Jumatano, gari lilisimama mbele ya duka langu la kutengeneza redio pale Dunda, Bagamoyo, na mtu aliyeshuka hakuwa amebeba redio. Hilo pekee lilitosha kunitia wasiwasi.

Alikuwa Mhindi wa Dar es Salaam, mwenye jumba la sinema huko mjini na tamaa ya kutengeneza filamu zake mwenyewe. Alikuwa amekwisha kutengeneza mbili, zote za mpelelezi yuleyule: kijana mwenye suti moja na miwani myeusi, anayekamata wahalifu bila kuvua miwani hata ndani ya nyumba. Nilikuwa nimeziona zote mbili. Ya kwanza nilisinzia. Ya pili nilikaa macho kwa sababu ya muziki, maana ulikuwa umechukuliwa kwenye santuri ya kigeni, na wiki moja kabla jumba lilelile lilikuwa limeonyesha filamu ya mapenzi iliyotumia muziki huohuo. Kila mpelelezi alipochungulia dirishani, watazamaji walisubiri abusu mtu.

"Ndiyo maana nimekuja," alisema. "Watu wananicheka. Ya tatu nataka iwe na muziki wake yenyewe. Orkestra kamili. Nimeambiwa wewe unajua kuandika muziki."

"Nani kakwambia?"

"Watu watatu. Wawili walisema unajua. Mmoja alisema unadhani unajua."

"Huyo wa tatu ni fundi cherehani?"

"Ndiye."

Fundi cherehani alikuwa kiongozi wa fidla katika klabu yetu ya taarabu. Kwa miaka tisa mimi nilipiga besi nyuma yake, na kwa miaka tisa alinieleza kwamba besi ni samani.

Kuhusu elimu yangu, nieleze ilivyokuwa. Kuandika muziki nilijifunza kwa kitabu kimoja cha Kiingereza nilichonunua kwa muuza vitabu vikuukuu Kariakoo. Kilikuwa hakina jalada, na kilianzia ukurasa wa arobaini na moja. Kwa hiyo nilijua namna ya kugawa sauti kwa tarumbeta nne na filimbi mbili, lakini mambo ya msingi, yale ya kurasa arobaini za kwanza, ilinibidi kuyabuni. Jioni baada ya kufunga duka niliandika. Nilikuwa na kasha la mbao limejaa muziki wa orkestra, na nilikuwa na umri wa miaka arobaini na tatu, na sikuwa nimewahi kusikia hata mstari mmoja wa muziki huo ukipigwa na mtu mwingine. Nilikuwa nausikia kichwani tu, na kichwani kila kitu hutoka vizuri.

Mwenye filamu hakujua hayo. Aliweka sharti lake mezani, kati ya redio mbili zilizofunguliwa. "Nitakodi mashine ya kurekodi kwa siku moja, Jumamosi moja tu. Ukiniridhisha, muziki wa mpelelezi ni wako, filamu hii na zote zinazofuata. Usiponiridhisha, nawarudishia watazamaji santuri. Nitatafuta ambayo bado haijabusu mtu."

Aliniachia karatasi yenye muda wa kila tukio. Kubwa kuliko yote lilikuwa mbio za mwisho, ambapo mpelelezi anamfukuza mhalifu anayetengeneza sarafu za bandia: dakika moja na sekunde hamsini. Nilifurahi sana kuiona karatasi ile. Huwa siwaelewi watu wanaosema muziki haupimiki. Nilihesabu mapigo, nikagawa, nikakuta mapigo mia mbili na ishirini, na pigo la mwisho likaangukia hasa pale pingu zinapofungwa.

Orkestra kamili, Bagamoyo ile, ilimaanisha klabu yetu ya watu kumi na mmoja, bila kunihesabu mimi niliyemwachia mwingine besi, pamoja na wapiga tarumbeta wawili wa bendi ya kanisani, ambao walikubali kwa sharti kwamba tusifanye mazoezi Jumapili. Siku ya kwanza niliwagawia karatasi. Wote kumi na watatu walizitazama kwa heshima, kisha mpiga ngoma ya dumbaki akaikunja yake na kuiweka chini ya mguu wa kiti uliokuwa ukiyumba. Hakuna hata mmoja aliyejua kusoma nota. Ikabidi niwaimbie kila mtu sehemu yake, mmoja mmoja.

"Wimbo huu unasemaje?" aliuliza fundi cherehani.

"Hausemi. Ni muziki wa mtu anayemfukuza mwenzake."

"Kamkosea nini?"

"Katengeneza pesa za bandia."

"Basi useme hivyo."

"Hakuna mwimbaji. Watu wanakimbia."

"Mimi kichwa changu hakishiki kitu kisicho na maneno, bwana. Hata mashine yangu ya kushonea naiimbia. Wewe unatuletea kanzu bila mtu."

Wenzake walimuunga mkono. Nikatoka kwenda kuswali alasiri, na niliporudi mbio za mpelelezi zilikuwa na maneno. *Ungo wangu nirudishie, hata kama umetoboka.*

Mtaa mzima ulijua ungo huo. Shangazi yangu, muuza vitumbua, alikuwa amemwazima jirani yake ungo kwa ajili ya harusi, na tangu harusi ile bibi harusi alikuwa amezaa watoto wawili. Ungo haukurudi. Jirani alisema aliurudisha. Shangazi alisema huenda aliurudishia upepo. Nilikasirika kuona kazi yangu imetiwa ungo, lakini walipopiga tena, mwendo ambao nilikuwa nimeupigania kwa saa mbili ukakaa sawasawa, kama kifuniko kwenye sufuria. Nikawaambia maneno yabaki vichwani, yasitoke mdomoni. Walikubali. Tatizo ni kwamba madirisha ya klabu yalikuwa wazi walipokuwa wakijifunza, na kufikia wiki ya tatu wanawake wa mtaani walikuwa wakipepeta mchele kwa mwendo wa mpelelezi wangu.

Jumamosi ya kurekodi mwenye filamu alifika na mashine iliyozidi sanduku la nguo kwa ukubwa. Iliendeshwa kwa betri, na betri aliing'oa kwenye gari lake. Tulirekodi vipande vidogo kwanza: mpelelezi anafungua mlango, mpelelezi anashuku chai. Vilitoka safi. Kufikia alasiri sindano ya mashine inayoonyesha nguvu ya betri ilikuwa imeanza kulegea.

"Betri inakwisha," mwenye filamu alisema. "Mbio mnapiga mara moja tu. Mkikosea, basi."

Nilikuwa nimetaka chumba kitupu, lakini wapigaji walikataa. Hawajazoea kupigia ukuta. Tukapatana wasikilizaji wanane, wakae kimya. Shangazi alikuwa kiti cha mbele kulia. Jirani yake alikuwa kiti cha mbele kushoto.

"Shikamoo shangazi," nilisema.

"Marahaba. Na yule naye kaalikwa na nani?"

"Kajialika, kama wewe. Sikilizeni nyote. Hakuna vigelegele, hakuna makofi, hakuna kukohoa."

"Na kupumua?"

"Kwa zamu."

Kuhusu kutuza sikusema neno. Kwetu, ubeti ukimgusa msikilizaji huinuka, hucheza polepole hadi mbele, akaweka pesa kwenye sahani, na maadamu hajarudi kitini wapigaji huurudia ubeti uleule. Kumkataza mtu kutuza ni kama kumzuia asije msibani. Na sahani ilikuwa pale mbele, kwenye kigoda chake, kwa sababu siku zote ilikuwa pale.

Niliinua kijiti. Fidla zikaanza chini, besi ikatembea, tarumbeta zikaingia, na kwa sekunde arobaini nilisikia nilichokuwa nimekiandika. Kilikuwa kizuri. Nasema hivyo bila haya, na saa ya mkononi mwangu ilikuwa shahidi kwamba kilikuwa pia kinakwenda na wakati.

Kisha tarumbeta zikafika kwenye ungo, na shangazi akainuka.

Alikuwa ameahidi kunyamaza na alinyamaza. Alikuja mbele kwa mabega tu, macho yake yakiwa upande wa kushoto, na akaangusha shilingi kwenye sahani ya bati. *Ting.* Fundi cherehani alimwona, akawaashiria wenzake kwa kidevu. Mimi nilipunga kijiti kuelekea mwisho. Orkestra nzima ikarudi mwanzo wa ubeti. Nilipunga tena. Mpiga akodiani alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni anayeongea wakati wa dua.

*Ting. Ting.* Shangazi alikuwa na shilingi nyingi kuliko nilivyojua. Alipokuwa anakaribia kurudi kitini nikashusha pumzi, na hapo jirani akainuka kutoka kushoto. Yeye alitoa sarafu nzito za shilingi tano. Hilo ni jibu, na jibu lina haki ya ubeti wake. Tukazunguka tena. Mhalifu, kwa hesabu zangu, alikuwa amekwisha kukamatwa, kushtakiwa na pengine kula chakula cha kwanza cha gerezani. Mwenye filamu alikuwa ameinama juu ya mashine, ameziba masikio kwa vile vikombe vya kusikilizia, na sikuweza kuuona uso wake.

Tulimaliza. Sindano ya mashine ikaanguka na haikuinuka tena.

"Imetoka vizuri," fundi cherehani alisema.

"Imetoka dakika nne na sekunde ishirini na tano. Mbio ni dakika moja na sekunde hamsini."

"Basi wakimbie zaidi."

Mwenye filamu alivua vile vikombe, akazikunja nyaya zake taratibu sana. Nilikwisha kuanza kulifikiria kasha langu la mbao, na nafasi iliyobaki ndani yake.

"Ile inayolia ting," aliniuliza, "ni chombo gani?"

"Sahani ya bati."

"Nani kaandika pale iingie?"

Ningeweza kusema mimi. "Shangazi yangu," nilisema. "Na yule bibi pale."

Aliwatazama wote wawili. "Mhalifu wangu anakimbia na mfuko wa sarafu. Filamu nzima nilikuwa naona mfuko ule kama umejaa pamba. Sasa una uzito." Akaufunga mfuniko wa mashine. "Kukata siwezi, ting iko kila mahali. Huyu bwana kasema kweli. Watakimbia zaidi. Lakini gharama ya hizo dakika nyingine itatoka kwako, fundi redio."

"Na muziki?"

"Muziki unabaki."

Nikakubali kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Kisha wote tukalisukuma gari lake, maana betri ilikuwa imekwisha, hadi lilipowaka njiani.

Mbio za nyongeza zilipigwa picha Kiwangwa, katika shamba la mananasi, kwa sababu mwenye filamu alidhani mananasi yatapendeza. Yanapendeza kwa anayetazama. Anayekimbia ndani yake huchanwa na majani kuanzia kifundo cha mguu, na suti ya mpelelezi ilikuwa moja. Mhalifu naye alikuwa amenyoa ndevu kwa ajili ya harusi ya dada yake. Hivyo katika filamu anaingia shambani ana ndevu na anatokea upande wa pili hana, huku mpelelezi akimfuata na suruali iliyofupika. Mimi nilisimama ukingoni na saa, nikiwapigia kelele wapunguze mwendo kila walipowahi muziki. Mwenye shamba alisimama pembeni yangu, akihesabu mananasi.

Ilipoonyeshwa Dar es Salaam nilikwenda na basi la asubuhi, nikakaa safu ya katikati. Ndevu ziliwachekesha watu. Suruali pia. Lakini tarumbeta zilipoingia jumba lote lilitulia, na mtu aliyekaa mbele yangu, ambaye hakunijua, alianza kugonga goti lake, na aligonga mpaka pingu zilipofungwa. Dakika nne na sekunde ishirini na tano. Nilipima.

Mlangoni mwenye filamu alinipa karatasi ya muda wa filamu ya nne, na malipo ya ya tatu. Ujira ulikuwa shilingi mia nane. Wapigaji kumi na watatu walichukua thelathini kila mmoja. Mkanda wa filamu wa mbio za nyongeza, mia mbili na arobaini. Mananasi, tisini na tano. Zilibaki sabini na tano, nami nilikuwa nimetumia mia moja na mbili na nusu kwa karatasi, nyuzi za fidla na nauli. Hasara yangu: shilingi ishirini na saba na senti hamsini.