Kirusi Kilichofuata Barua

Habari kwamba kijana wa jirani yetu yuko hai tuliletewa na kirusi cha kompyuta. Kilikuja saa ya chai ya asubuhi, kwenye kompyuta ya swichibodi ya kampuni iliyokuwa ikinilipa mshahara nizuie virusi visiingie. Mama yake alipokiona hakushtuka. Alicheka, akapiga makofi, akaniita nije nione fataki.

Nirudi nyuma kidogo.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Kampuni ilikuwa kubwa, ya sabuni na mafuta ya kupikia, kule eneo la viwanda, na ilikuwa na matawi Mombasa, Kisumu na Kampala. Barua pepe ilikuwa bado ngeni, na iliingilia mlango mmoja tu. Wakubwa hawakutaka kusoma kwenye kioo, walitaka karatasi. Kwa hiyo ujumbe wote wa kampuni uliangukia kwenye mashine moja, katika chumba cha swichibodi karibu na lango. Asubuhi, adhuhuri na jioni modemu ilipiga simu, ikakoroma na kupiga miluzi, kisha ikashusha barua. Mwendesha simu alizifungua, akazichapisha, akazigonga muhuri wa IMEPOKELEWA na kuzitia kwenye vijisanduku vya wenyewe. Amri ya mkurugenzi ilikuwa fupi: kila kinachoingia kichapishwe.

Mwendesha simu huyo alikuwa mama wa makamo kutoka magharibi, mkazi wa Jericho tangu aolewe. Mimi niliishi na wazazi wangu Mbotela, ng'ambo ya pili ya Jogoo Road, na asubuhi alinipitia tukaenda kazini kwa miguu. Alikuwa amenijua tangu navaa kaptura ya shule ya msingi. Kwa sababu hiyo aliniita "kijana wangu" hata mbele ya wakubwa, na akiona shati langu halijanyooshwa vizuri aliniambia papo hapo, simu ikiwa sikioni. Sauti yake ya kazini ilikuwa ya Kiingereza laini, ya redio. Akishaunganisha simu alirudi kwenye Kiswahili cha Jericho na kumaliza kisa alichokuwa amekikatiza.

Basi alichapisha kila kitu, na kila kitu ni pamoja na takataka. Matangazo ya dawa za nywele, ya mashamba ya Florida, ya bahati nasibu, yote yaligongwa muhuri na kupelekwa ghorofani na tarishi, mzee mmoja mcheshi wa Kariobangi aliyeongea Sheng, lugha ya vijana wa mtaani, kuliko watoto wake. Siku moja alimpelekea mhasibu mkuu karatasi tatu juu ya kupunguza kitambi.

"Mkubwa, hii imetoka Amerika," alimwambia. "Wanasema hiyo tumbo inaweza kuisha."

Nikaitwa ghorofani. Mhasibu mkuu ndiye aliyesimamia mambo ya kompyuta, kwa sababu ndiye aliyelalamika juu ya bei zake. Alinisukumia karatasi zile mezani. "Sitaki kuona hizi tena. Mashine haiwezi kuzitupa yenyewe?"

Iliweza. Programu yetu ilikuwa na mahali pa kuandika maneno. Ujumbe wenye neno mojawapo ulifutwa kabla haujaonekana, wala haukuwekwa pembeni, maana diski yetu ilikuwa ndogo na ilikuwa imejaa. Lakini maneno yapi? Aliyesoma takataka nyingi kuliko mtu yeyote pale alikuwa mama wa swichibodi. Nikavuta kiti nikakaa kando yake, naye akafumba macho kidogo, kama mtu anayepitisha vidole kwenye mchele ndani ya uteo akitafuta mawe.

"Andika 'bure'," alisema. "Andika 'ofa'. Andika 'haraka sana'. Mtu mwenye shughuli ya kweli hasemi haraka sana kabla hajasalimia."

"Na 'siri'?"

"Hiyo weka juu kabisa. 'Siri kati yako na mimi'! Siri gani, na mimi sikujui?"

Tuliyaandika yote kwa Kiingereza, kwa sababu takataka zote zilikuja kwa Kiingereza. Chujio lilifanya kazi vizuri kupita nilivyotarajia. Tarishi alilalamika kwamba kazi imekuwa kavu.

Mama huyo alikuwa na mwana wa kiume aliyekuwa akisoma ng'ambo. Simu za huko zilikuwa ghali, barua za posta zilichelewa, kwa hiyo kijana alimwandikia kwenye anwani ya swichibodi. Barua za binafsi hazikuruhusiwa, na kila mtu alijua zinakuja. Zilikuwa fupi na za kuchekesha, Kiswahili na Kiingereza vimekorogwa pamoja jinsi tulivyoongea mtaani. Alizichapisha, akazibeba Jericho, akazisoma kwa sauti kwa yeyote aliyepita mlangoni.

Kisha zikakoma. Mvua za vuli zilikwisha, Krismasi ikapita, Pasaka ikakaribia, kimya. Aliandika mara kadhaa, hakujibiwa. Jumapili kanisani watu walianza kumuuliza habari za kijana kwa ile sauti ya chini inayotumika hospitalini. Njiani kwenda kazini aliongea juu ya bei ya sukari, juu ya viatu vyangu, juu ya chochote kingine.

Ndipo asubuhi ile akaniita.

"Kijana wangu! Njoo uone mtoto amenitumia nini!"

Kioo kilikuwa cheusi, na juu yake fataki za rangi zilipasuka moja baada ya nyingine bila sauti. Nilichungulia mtumaji ni nani. Ilikuwa anwani ya kijana. Hakukuwa na neno hata moja la maandishi, ila kiambatisho ambacho mama, kwa kufuata amri ya kuchapisha kila kitu, alikuwa amekifungua.

"Mama, usiguse kitu."

"Nisiguse nini? Hizi ni salamu za mwanangu."

Nikachomoa waya wa modemu. Alinitazama kana kwamba nimemkata simu akiongea naye.

Nilikuwa nimechelewa. Kabla ya kuniita, fataki zikipasuka, alikuwa ameshatuma barua za asubuhi matawini, na kila moja ilikuwa imefuatwa na fataki. Kampala walipiga simu kushukuru. Mombasa waliuliza tunasherehekea nini. Tarishi alisimama mlangoni akishika mbavu.

"Mathe, umerusha fataki hadi Kampala! Kumbe wewe ni noma!"

"Toka hapa," mama alimwambia, lakini alikuwa anacheka. Siku hiyo hakuna lililoweza kumkasirisha. Alishapata salamu.

Mimi nilijua hazikuwa salamu. Kirusi hujituma chenyewe, na kijana pengine hakujua kama kimetoka. Niliona heri nisiseme chochote mpaka nimalize kusafisha. Waliotuuzia programu ya kinga walikuwa wakitutumia disketi yenye maelezo ya virusi vipya, nikakaa nayo mchana kutwa. Maelezo ya kile cha fataki yalinifanya niyasome mara ya pili. Hakikuwa kinasafiri peke yake. Kilingoja mwenye mashine atume barua, kisha kikajituma nyuma yake kwa mtu yule yule. Hakuna barua, hakuna fataki.

Nilimwambia jioni, tukirudi nyumbani kando ya reli.

"Mama, zile fataki hakuzituma yeye. Lakini zinafuata barua. Alikuandikia, dakika chache kabla."

Alisimama. Watu wa zamu ya jioni walitupita pande zote mbili.

"Yaani aliandika."

"Aliandika."

"Kwa mkono wake?"

"Nani mwingine kule ana barua ya kumwandikia mwendesha simu wa kiwanda cha sabuni?"

Akatembea hatua kadhaa, kisha akauliza nililokuwa naliogopa. "Sasa barua yenyewe iko wapi?"

"Nadhani chujio liliifuta."

"Hili chujio letu? La maneno yangu?"

"Hilo."

"Neno gani sasa? 'Bure'? Mwanangu ana kitu gani cha bure?" Alifikiri. "Au 'siri'."

Programu haikuweka kumbukumbu ya ilichofuta wala neno lililoiudhi. Ningekuwa nimeiandika mimi, ningeweka. Tukaendelea kutembea, na kwa mara ya kwanza tangu Krismasi alimtaja kijana njia nzima: alivyokuwa akificha maharagwe mfukoni, alivyoanguka kwenye mtaro wa soko la Jericho na sare mpya. Aliandika, alikuwa akisema kila baada ya hatua chache. Basi ana mikono, ana akili, ana la kusema.

Kesho yake tuliandika jibu kutoka mashine iliyosafishwa. Alinena, mimi nikachapa: "Mwanangu, barua yako haikunifikia, nilipata fataki tu. Andika tena. Na kompyuta unayotumia ni mgonjwa." Kisha nikazima chujio, nikapanda ghorofani kumweleza mhasibu mkuu kabla hajaelezwa na karatasi za kitambi.

Alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu wa mitaa ya mashariki ya jiji kama sisi, mtoto wa mchonga vinyago, na hakuwa mwepesi wa maneno.

"Virusi vikiingia tena?"

"Viambatisho nitavifungua mimi, kwenye mashine isiyounganishwa na nyingine."

"Mpaka Ijumaa," alisema. "Ijumaa jioni mnirudishie chujio langu."

Wiki ile takataka zilirudi kama zilikuwa zimejipanga nje ya mlango. Mama alizipokea kwa mikono miwili. Modemu ilipokoroma aliacha simu ziite. Alisoma kila ujumbe kuanzia anwani, midomo ikicheza, akautupa, akachukua mwingine. Mhasibu mkuu, ambaye kwa kawaida hakushuka ghorofani, alishuka Jumatano kuomba laini ya Mombasa, ingawa simu ilikuwa mezani kwake. "Bado?" aliuliza. Alhamisi akashuka tena.

Ijumaa, barua ya jioni, baada ya mashamba ya Florida, ikaja. Tarishi alikuwepo, mhasibu mkuu alikuwepo akingoja laini ya Kisumu. Mama alisoma kwa sauti, kwa haraka, kisha akarudia polepole:

"Mama, mimi ni mzima. Nilihama chuo na anwani yangu ya zamani ikafungwa kwa muda, samahani kwa kimya. Umesema barua haikukufikia. Nimekuelewa, mama. Sitakusumbua tena na jambo lile. Wasalimie wote."

Alikaa chini. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na tarishi akampa kitambaa cha kufutia vumbi kwa sababu ndicho alichokuwa nacho. Ni mhasibu mkuu aliyeona kwanza.

"Amedhani umemkatalia," alisema.

Sote tulielewa mara moja, kwa kuwa tumelelewa hivyo. Kwetu mtu mzima hakwambii hapana. Ukimwomba jambo asilolitaka hukwambia hakusikia vizuri, au ujumbe haukumfikia, nawe ukiwa na adabu unanyamaza na kumwacha na heshima yake. Mama huyu mwenyewe alikuwa amewajibu hivyo wachumba wawili wa binti ya dada yake. Kijana alikuwa amelelewa vizuri.

"Lakini haikunifikia!" mama alisema. "Haikunifikia kweli!"

"Mathe, hiyo ni story ya manzi," tarishi alisema. "Amepata mzungu, anataka ruhusa."

"Labda anataka kuacha masomo," mhasibu mkuu alisema.

"Nyamazeni wote. Kijana wangu, chapa."

Aliandika kwamba haikufika kweli, kwamba mashine iliimeza, kwamba aulize tena. Jibu lilikuja wiki iliyofuata, la upole sana: asijali, yamekwisha, na huko theluji imeanza kuyeyuka. Akaandika tena. Kila alivyozidi kukana ndivyo kijana alivyozidi kuamini kwamba anabembelezwa. Mwishowe akaniambia nichape neno moja tu, "Ndiyo", bila kujua analikubali jambo gani. Kijana akajibu kwamba hana mama mwingine duniani kama yeye, na hakusema zaidi.

Chujio lilikuwa limerudi Ijumaa ile ile ya barua, kama tulivyoahidi. Safari hii nilipunguza vitu kwenye diski nikapata nafasi ya kuweka pembeni badala ya kufuta, na kila jioni kabla ya kufunga chumba mama alipitia kilichokamatwa, ukurasa kwa ukurasa.

Kijana alikuja likizo mwaka uliofuata. Nilikwenda Jericho kumsalimia. Alikuwa amenenepa, amekuja peke yake, na alicheka kwa sauti ya mama yake. Nyumba ilijaa majirani. Walipopungua, mama alimuuliza mbele yangu, wazi, bila kuzunguka: ile barua ilikuwa na nini?

Kijana alimtazama kwa mapenzi. "Mama," alisema, "hiyo si tuliimaliza?"

Nikamweleza mimi, habari yote, kirusi na chujio na maneno tuliyoyachagua. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akaniitikia kwa kichwa, akamwomba mama amwongezee chai. Sijui kama aliniamini. Alirudi chuoni baada ya likizo, na mama hajaambiwa mpaka leo barua ile iliomba nini.