Baiskeli Ilikuwa na Nafasi Moja

Nianze na upumbavu wangu, maana mtaa mzima wa Buyenzi umeshaujua. Juzi kwenye hitima ya bibi, shehe alimaliza dua akasema marehemu alichagua wema maisha yake yote. Mimi, masinia ya pilau yakiwa katikati, nikajibu kwa sauti: "Hakuchagua kitu, shehe. Jiwe likiporomoka, linachagua?"

Shangazi aliachia tonge. Mzee mmoja akaniuliza, "We mutoto, umevuta nini?"

Sikuvuta kitu, nilitoka shule tu. Mwalimu wa filozofi alikuwa ametufundisha kwamba kila tunachofanya kimesukumwa na kilichotangulia, nacho na kingine, mpaka huko kabla hatujazaliwa. Nikamwambia basi asiniadhibu kwa kuchelewa. Akasema naye amesukumwa kuniadhibu. Darasa likacheka, nami nikacheka, halafu nikarudi nyumbani. Nilikuwa nafikiria Gatumba.

Ungeiona Gatumba ya wakati ule, rafiki yangu. Likizo zote nilikuwa huko kwa bibi. Asubuhi malori ya Kongo yananguruma barabarani, sisi tunaanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, juu ya neti, na kazi yangu ni kufukuza kunguru na bata wa jirani, ambao walikuwa wezi kuliko kunguru. Mchana harufu ya mawese inatoka jikoni mpaka njiani. Bibi anakwangua ukoko wa wali, ule mwekundu wa chini kabisa, ananipa wote. "Mi sina meno," anasema. Muongo! Mahindi ya kuchoma alikuwa anayamaliza kabla yangu.

Halafu mto Rusizi ukafurika, ukaingia ndani ya nyumba. Maji yalikuwa yamenifika kiunoni jirani alipokuja anakokota baiskeli, mtoto wake amemkalisha mbele. Nyuma kulikuwa na nafasi moja. Bibi alinishika makwapani, akanipakia kama gunia la muhogo. "Shika vizuri, we kichwa kikubwa." Basi, hayo tu. Walimfuata kesho yake, wakamkuta amekaa juu ya meza, amelowa mpaka kitambaa cha kichwani. Kifua chake hakikupona tena. Ndicho kilichomuua.

Sasa niambie wewe. Kama alisukumwa tu, kama yale maji yalivyosukumwa, basi hakuna aliyenipakia. Ninaishi kwa pumzi za mtu ambaye hata hakunipa. Niamke asubuhi kwa ajili ya nini? Palipokuwa na nyumba leo ni matope na majani marefu. Neti hakuna, meza hakuna, hata wale bata wezi hakuna. Nilikuwa nimebakiwa na ile mikono makwapani, na mwalimu ameifuta kama anavyofuta ubao.

Wageni walipoondoka nilimkuta mama uani, ameinamia sufuria ya pilau. Nikamwambia yote, makamasi yananitoka, bila mzaha hata mmoja. Nilingoja kofi. Akaendelea kukwangua, akaweka ukoko wote juu ya mfuniko, akanisogezea.

"Mi filozofi siijui," akasema. "Ila mama yangu alikuwa anaogopa maji tangu mutoto, hata mvua ilikuwa inamutetemesha. Siku ile kila kitu kilikuwa kinamusukuma yeye apande baiskeli. Ukapanda wewe. Kula."